Pumzi ya Pedaleira

Ukimwuliza Rizuane kama pedaleira yake bado inafaa, na yeye atakuuliza kama mguu wako wa kushoto bado unafaa. Kisha atacheka, atalifuta vumbi juu ya kile kisanduku kwa pindo la kikoi, na kuendelea na kazi yake ya kuchaji simu za watu.

Kazi hiyo huifanya Palma, katika kibanda cha mabati kando ya njia ya sokoni. Juu ya paa ameweka paneli za sola, ndani amepanga betri za gari, na mezani simu zimelala ubavu kwa ubavu kama dagaa juu ya jamvi. Simu ndizo zinazomlisha. Hata hivyo, kuanzia Palma mpaka vijiji vya Quionga huko kaskazini, hakuna anayemwita Rizuane wa simu. Jina lake ni Rizuane wa gitaa, na ukilitaja gitaa lake huna budi kukitaja na kile kisanduku.

Pedaleira yenyewe ni ya chuma, nzito kama tofali, na juu yake ina vitufe vya kukanyaga kwa mguu. Gitaa huchomekwa upande mmoja, spika upande wa pili. Katikati mna kompyuta ndogo inayoiga sauti za amplifaya kubwa za ng'ambo, zile ambazo mtu mmoja hawezi kuzibeba peke yake. Kanyaga kitufe hiki, utapata sauti laini yenye mwangwi, kama mtu anayeimba juu ya kisima. Kanyaga kile, sauti itakuja kali, yenye mikwaruzo, ya kumwinua hata aliyekuja kula tu. Vitufe vingine vipo, na sauti nyingine zimo nyingi, lakini Rizuane hana haja nazo.

"Nyumba ina vyumba vingi," husema, "lakini mwenye nyumba hulala kimoja."

Alikinunua kisanduku hicho ujanani, ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa mwanamuziki mmoja wa Mtwara aliyekuwa anaacha bendi ili akalime mihogo. Tangu hapo hakikuachana naye. Vita vilipofika Palma na watu wakakimbia, Rizuane na mkewe Chamima walipanda mashua kwenda kisiwa cha Macaloe. Gitaa limeviringishwa kwa kapulana, kanga ya huku, pedaleira imezikwa ndani ya ndoo ya unga. Huko kisiwani aliifungua, akaupuliza unga uliojaa kwenye matundu, akaiunganisha na betri ya pikipiki. Ikawaka. Wanawake waliokuwa wamekaa mchangani na vifurushi vyao, hawajui waliowaacha nyuma wako hai au la, walimsikiliza mpaka mmoja wao akaanza kuitikia. Waliporudi nyumbani, pedaleira nayo ilirudi, na hapo ndipo Rizuane alipoanza kuitaja kama mtu anavyomtaja ndugu yake.

Kazi yake kubwa ni siku ya ndani. Katika harusi za huku kuna siku ambayo mwali huwekwa kati na wanawake peke yao, nyuso zimepakwa msiro, unga mweupe wa mti, na ngoma huchezwa ndani ya ua wa makuti. Mwanamume haingii wala hachungulii, hata kama ndiye mpigaji. Basi spika huwekwa ndani, waya hupitishwa chini ya makuti, na mpiga gitaa hukaa nje juu ya kigoda, uso umeelekea ukuta wa makuti. Anapiga asichokiona. Matari yanalia kule ndani, kiongozi anaimba, wenzake wanaitikia, naye anafuata kwa masikio. Wimbo ukishakolea, kiongozi hupaza sauti: "Geuza!" Hapo Rizuane hukanyaga kitufe, sauti laini huondoka, sauti kali huingia, na ndani vishindo vya miguu na vigelegele hulipuka pamoja.

Vigelegele hivyo Rizuane alijua ni vyake. Alikuwa na uhakika. Mtu apige gitaa miaka yote hiyo nyuma ya ua, ashangiliwe kila anapoingia na sauti kali, adhani ni vya nani?

Kasoro moja tu aliikubali, na aliikubali moyoni, hakumwambia mtu. Kila alipokanyaga kitufe kubadilisha sauti, kisanduku kilinyamaza kidogo kwanza, kama mtu anayemeza mate kabla ya kujibu. Sauti ya kwanza imekwisha kwenda, ya pili bado haijafika. Palikuwa na pengo. Rizuane alilichukia pengo hilo kama mtu anavyolichukia jino lililong'oka mbele, akawashukuru wanawake kimoyomoyo kwa kulivumilia.

Mambo yakaenda hivyo mpaka alipokuja Fábio.

Fábio alikuwa kijana fundi umeme, kwao Mueda kule uwandani, aliyehamia Palma kwa kazi. Jumapili alipiga gitaa kanisani. Alikuwa na pedaleira mpya, nyembamba, yenye kioo cha kugusa kama simu, na alikuja kibandani kwa Rizuane kuchaji, akaona ile ya zamani, akapiga magoti mbele yake kama aliyeona kaburi la babu yake.

"Epa, tio!" akasema, akimwita mjomba kwa Kireno. "Hii bado inafanya kazi?"

"Wewe babu yako anafanya kazi?"

"Babu yangu alishafariki."

"Basi hii imemzidi babu yako."

Fábio akacheka mpaka akakaa chini. Hakuwa na kiburi. Alipenda tu vitu vipya, na alipenda kuvieleza. Akamwonyesha Rizuane jinsi yake inavyoiga amplifaya mpaka ile pumzi ya hewa inayotoka kwenye spika, jinsi inavyoongezewa sauti mpya kwa simu, jinsi inavyozima mvumo wa jenereta. Halafu akakanyaga kutoka sauti moja kwenda nyingine. Hapakuwa na pengo. Mwangwi wa sauti ya kwanza uliendelea kuning'inia hewani huku ya pili imekwisha ingia.

Rizuane aliliona hilo. Akasema tu, "Nzuri," na kurudi kwenye simu zake.

Habari hazikai mahali. Mwezi huohuo, bibi Nafisa wa Quionga alikuwa anamwoza mjukuu wake Zuleica. Nafisa ndiye kiongozi wa kikundi cha ngoma ambacho Rizuane alikipigia tangu kilipoanza, na Chamima naye ni mchezaji humo. Kuna jirani aliyekuwa amesikia gitaa la Fábio kwenye sherehe moja mjini, akampelekea Nafisa sifa zake. Siku ya mazoezi ilipokaribia, Nafisa akampigia Rizuane simu.

"Mwanangu, usinielewe vibaya. Mjukuu ninaye mmoja. Nataka harusi yake isemwe mpaka Mbau. Huyo kijana na aje, na wewe uje. Mtapiga wote wawili, sisi tutacheza. Atakayeichezesha miguu yetu vizuri ndiye wa harusi, na ndiye wa kikundi kuanzia hapo."

"Sawa, mama," Rizuane akajibu. "Mlete hata na wa tatu."

Alipokata simu, Chamima alikuwa anamtazama kutoka jikoni.

"Umejibu kama jogoo," akasema.

"Jogoo haogopi kifaranga."

"Haogopi. Ila na jogoo naye huchinjwa."

Walikwenda Quionga kwa pikipiki, Chamima nyuma na gitaa mgongoni, pedaleira ndani ya mfuko wa mchele kifuani kwa Rizuane. Asubuhi ilikuwa nyeupe, minazi imesimama kimya. Fábio alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye benchi nje ya ua wa Nafisa, shati limepigwa pasi. Yalikuwa mazoezi tu, lakini ngoma ya ndani haichezwi mbele ya mwanamume hata kwa mazoezi. Chamima akaingia ndani kwa wenzake. Waya zikapitishwa chini ya makuti. Wanaume wawili wakabaki nje, bega kwa bega, macho kwenye makuti yaleyale.

"Mgeni aanze," Rizuane akasema.

Fábio akaanza, na Rizuane, ambaye alikuwa amejiandaa kutafuta kosa, hakulipata. Sauti ilikuwa safi. Kidole kikigusa uzi ulisikia na uzito wa kidole. Matari yakamfuata, sauti ya Nafisa ikapanda, wanawake wakaitikia, na Rizuane akahisi kigoda chake kimekuwa kidogo. Alijiuliza, kwa mara ya kwanza, kama kweli mguu wake wa kushoto bado unafaa.

"Geuza!" Nafisa akaita.

Fábio akakanyaga. Sauti kali ikaingia papo hapo, bila pengo, kama maji yanayobadili mtungi. Ndani ya ua ukasikika mtafaruku. Vishindo vikaanguka huku na kule, kimoja mbele, kingine nyuma, tari moja likaanguka chini, mtu akalia, "Jamani, kidole changu!" na mwingine, "Nani amenisukuma?" Halafu kicheko kikubwa.

"Tena!" Nafisa akaamuru.

Wakarudia, na yakawa yaleyale. Mara ya tatu hawakufika hata mwisho wa wimbo. Nyayo zikaja mpaka kwenye ukuta, na sauti ya Nafisa ikatoka katikati ya makuti, karibu na masikio yao.

"We kijana! Pumzi yetu umeipeleka wapi?"

Fábio akamtazama Rizuane. Rizuane naye hakujua.

"Pumzi gani, bibi?"

"Pumzi ya kugeuzia! Unatuvamia kama mdai. Mpishe mwenzako."

Rizuane akachomeka. Alipiga jinsi anavyopiga siku zote, laini kwanza, akiuacha wimbo ukolee taratibu. "Geuza!" Akakanyaga, kisanduku kikameza mate, sauti kali ikaja, na ndani miguu yote ikaanguka kishindo kimoja, vigelegele vikapanda juu ya minazi. Rizuane akavuta pumzi ndefu, kifua kikamjaa. Akamgeukia mwenzake na tabasamu la mtu aliyeshinda bila kutoka jasho.

Lakini Fábio hakuwa ameshindwa, alikuwa anafikiri. Ni fundi, na fundi hawezi kusikia kitu bila kukifungua.

"Tio, rudia pale unapogeuza."

Rizuane akarudia.

"Ah!" Fábio akapiga goti lake kwa kiganja. "Bibi, hiyo si pumzi! Ni pedaleira ya tio. Ni nzee, inachelewa kubadilisha programa. Ni kasoro ya mashine tu!"

Rizuane aliona kama mtu amemvua shati sokoni. Kijana hakusema kwa ubaya. Alisema kwa furaha ya aliyepata jibu la hesabu, na hilo ndilo lililouma.

"Rizuane," Nafisa akaita, pole pole. "Anayoyasema ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Kisanduku kina ugonjwa huo tangu nilipokinunua. Nilidhani mnauvumilia."

"Kuvumilia!" Hiyo ilikuwa sauti ya Chamima, mkewe. "Sisi tumeushonea nguo, wewe unasema kuvumilia!"

Wanawake wakaangua kicheko. Kisha kila mmoja akataka kueleza, sauti zikapandana, mpaka Nafisa akawanyamazisha, akaeleza mwenyewe. Kiongozi akisema geuza, gitaa likinyamaza, wachezaji wote huinua mguu wa kulia, matari huzuiwa kwa vidole, bangili hazilii, mwili mzima huning'inia. Gitaa likirudi, miguu hushuka pamoja. Hapo ndipo utamu wote wa ngoma ulipo. Wasichana hufundishwa hatua hiyo kabla ya nyingine zote. Kikundi cha Mocímboa kilijaribu kuiiga, kikashindwa, kwa sababu mpigaji wao hanyamazi.

"Tuliona ni ufundi wako," Nafisa akamalizia. "Kumbe mashine ilikosea, miguu ikapatia."

"Na vigelegele?" Rizuane akauliza kabla hajajizuia.

"Vya nini?"

"Vile mnavyopiga nikiingia na sauti kali."

"Ni vya mguu, baba! Wewe ulidhani ni vya nani?"

Fábio akainama akijifanya anatazama viatu vyake. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Chamima hakumwacha mumewe azame. "Usihuzunike, mume wangu. Nilidhani unajua."

"Tunalala kitanda kimoja, Chamima! Hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kuna anayemwambia mvuvi kwamba bahari ina chumvi?"

Basi ingekuwa rahisi kuishia hapo. Kazi ilikuwa imebaki kwa Rizuane, na kisanduku chake kikongwe kilikuwa kimeshinda kwa ugonjwa wake. Lakini Nafisa hakuwa kiongozi kwa umri peke yake.

"Sasa nisikilizeni," akasema kutoka ndani. "Kama pumzi ni ya mashine, mashine ikifa ngoma yetu inakufa nayo. Na hiyo si mpya, tumeambiwa. Siwezi kumtoa Zuleica kwa kutegemea kitu kinachoweza kuzimika. Rizuane, unaweza kutupa pumzi bila hicho kisanduku, au huwezi?"

Swali lilikuwa la haki, na Rizuane alilielewa barabara. Miaka yote alibishana na watu kama pedaleira yake bado inamfaa. Hakuna aliyemwuliza kama yeye bado anafaa pedaleira ikiondoka.

"Nipe yako," akamwambia Fábio.

Fábio akasogeza ile nyembamba bila kusita, akamwonyesha pa kukanyagia. Rizuane akaanza wimbo. Gitaa lake halijawahi kusikika hivyo. Alilifurahia, hakuona sababu ya kujinyima. "Geuza!" Akakanyaga, na papo hapo akazilaza nyuzi zote kwa kiganja. Kimya. Akangoja. Akangoja bado.

"Umesinzia?" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Mguu wangu unaota mizizi huku!"

Akarudia. Safari hii aliachia mapema mno, na vishindo vikatawanyika tena. Fábio akaanza kumhesabia kwa midomo, moja, mbili, tatu. Rizuane akatikisa kichwa. Pengo lile hakulijua kwa hesabu. Alilijua kwa chuki, kwa jinsi moyo wake ulivyojikunja kila lilipopita, harusi baada ya harusi. Akafumba macho. "Geuza!" Kiganja kikashuka. Akasubiri mpaka moyo ujikunje, na ulipojikunja tu, akaachia.

Kishindo kikawa kimoja.

Hawakungoja kuambiwa, wakarudia wenyewe, na tena, na kila mara kiganja kilipoinuka miguu ilikuwa inashuka. Mwishowe Nafisa akaja ukutani, akihema.

"Basi. Mimi sichagui visanduku, nachagua mtu. Rizuane, harusi ni yako, na kikundi ni chako. Pigia unachotaka."

"Nitapigia changu," Rizuane akasema. "Bado kinatosha. Siku kitakapokataa, nimeshajua njia."

Fábio alikuwa ameanza kukunja waya zake, bila kinyongo, kama fundi aliyefunga kazi. Rizuane akaukanyaga waya kwa kidole cha mguu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, tio. Umeshinda."

"Nimeshinda, ndiyo. Lakini hiyo sauti yako ni tamu, sisemi uongo. Mama Nafisa! Gitaa la pili mnalikataa?"

"Akijua kunyamaza, hatukatai," Nafisa akajibu.

"Nitamfundisha kunyamaza."

"Hilo gumu," Fábio akasema. "Hata padri ameshindwa."

Siku zilizobaki kabla ya harusi Fábio alifika kibandani kila alipotoka kazini. Walikaa kati ya simu za watu, Rizuane akigeuza, Fábio akizilaza nyuzi, wateja wakishangaa watu wazima wawili wanaojifunza kutopiga. Usiku uleule waliporudi kutoka Quionga, Chamima alimwonyesha mumewe hatua yenyewe, chumbani, mlango umefungwa, maana mke kumchezea mumewe si kosa. Aliinua mguu, akaning'inia, akashuka. Rizuane akamwomba arudie. Akamwomba tena.

Siku ya ndani ilipofika, Quionga ilijaa. Harufu ya pilau na udi ilivuka ua. Wanaume walikaa mbali, wakijifanya wanazungumza habari za mahindi, na Rizuane na Fábio wakakaa kwenye benchi lao mbele ya makuti, kisanduku kikongwe kando ya kipya. Kile kikongwe kiliwaka bila kusumbua. Wimbo ukaanza, magitaa mawili yakashikana, la Fábio likisokota sauti nyembamba juu ya la Rizuane, na ndani wanawake wakaitikia kwa nguvu ambayo Rizuane hakuwahi kuisikia.

Nafisa alikuwa na mjukuu mmoja, naye alitaka kuringa naye. Aliuvuta wimbo. Kila mtu alijua sasa ataita, naye hakuita. Aliupandisha tena, akaushusha, akautaja ukoo wa Zuleica mpaka kwa waliozikwa. Kiganja cha Fábio kilikuwa juu ya nyuzi. Mguu wa Rizuane ulikuwa juu ya kitufe. Wote wawili hawakuona kitu ila makuti.

"Geuza!"

Kukawa kimya. Tari halikulia, bangili haikulia. Hata wale wanaume wa mahindi waliacha kusema. Rizuane aliwaona wote kule ndani kana kwamba ua haupo: Chamima, Nafisa, Zuleica na uso wake mweupe, mguu wa kila mmoja ukiwa hewani, wakimngoja. Kisha sauti kali ikaja, miguu ikashuka, vumbi likapanda juu ya makuti na vigelegele juu ya vumbi. Safari hii alijua vizuri ni vya nani, akavipigia gitaa kwa nguvu zake zote.